Kamba ya Siku ya Luca

Simu ya mama yake Ibolya iliingia saa kumi jioni, giza la Desemba likiwa limeshaanza kutua juu ya mto Danubi.

"Umekumbuka leo ni siku ya Mtakatifu Luca?"

"Nimekumbuka, Mama."

"Basi kitu kisitoke nyumbani. Si chumvi, si moto, si uzi. Leo wachawi wanapita kuomba. Wakipewa kitu, wameshampata aliyetoa."

"Mama, mimi niko melini. Nyumba gani hapa?"

"Unalala wapi?"

"Humu humu."

"Basi ndiyo nyumba yako hiyo. Na wakikuzidi, wamwagie mbegu za popi. Mchawi hapiti popi bila kuiokota, punje kwa punje."

Ibolya akacheka, akakata simu. Safari hii ilikuwa ya mwisho ya msimu kwake yeye, mhudumu wa mapokezi, na kwa mchumba wake Gergő, baharia wa sitaha, na Januari walikuwa wanafunga ndoa. Nani ana nafasi ya kuogopa vikongwe? Abiria walikuwa wameshuka wote, wamekwenda soko la Krismasi kunywa mvinyo wa moto na kununua makorokoro. Budapest ilikuwa imemezwa na ukungu, hata taa za bunge hazikuonekana. Lakini Ibolya hakutulia. Alipanga funguo, akazipangua, akazipanga tena.

Ndipo honi ikalia upande wa mtoni. Mara moja tu, chini chini.

Kwenye gati za Budapest meli hubanana. Ukikosa nafasi unajifunga ubavuni mwa mwenzako, na abiria wako wanakatiza ukumbini mwake kwenda nchi kavu. Hakuna anayeuliza. Leo kwako, kesho kwangu. Kwa hiyo meli ya kijivu ilipotokeza kwenye ukungu, Gergő naye hakuuliza.

"Wanaomba kamba," alisema akichungulia mlangoni, pua nyekundu kwa baridi. "Meli nzima hiyo, kamba hawana. Umeona mabahili?"

"Gergő, subiri kidogo. Mama kapiga simu..."

"Mama mkwe kaniotea nini tena? Utanisimulia nikirudi, mpenzi. Ngoja nivuke nikawafungie, wasije wakatugonga."

Akaenda. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini huyu maskini la mkuu lenyewe hakuwahi kulisikia.

Abiria wa meli ile wakaanza kukatiza ukumbini. Walikuwa wanawake wote, vitambaa vyeusi kichwani, sketi ndefu zikiburura. Ibolya aliwasalimu, wasiitikie. Walipita kuelekea gatini, mmoja nyuma ya mwingine... na viatu vyao havikutoa sauti. Kilichosikika ni maji.

Tone. Tone. Tone.

Harufu ya tope ikajaa ukumbini, tope la chini kabisa ya mto, lisiloona jua. Ibolya alishika ukingo wa meza. Wa mwisho alikuwa kikongwe, naye alisimama mbele yake.

"Mwanangu," alinong'ona. "Niazime chumvi kidogo."

Ibolya alitikisa kichwa. "Leo sitoi kitu, bibi. Unisamehe."

Kikongwe akatabasamu. Hakuwa na jino hata moja.

"Umefunzwa vizuri. Mwenzio hakufunzwa. Katupa kamba... Anatutosha."

Akageuka. Na kule mlango wa gatini, wenzake wote nao walikuwa wamegeuka. Walikuwa wanarudi melini kwao. Kumbe mjini hawakuwa na shida napo.

Ibolya alielewa. Wakishapanda, meli ile itaondoka, na Gergő yumo.

Alikimbilia jikoni. Mpishi alikuwa ameweka tayari mifuko miwili ya mbegu za popi, nyeusi, ndogo kuliko ufuta, za kutilia mikate ya Krismasi. Akaupasua mmoja, akarudi mbio, akaumwaga mbele ya mlango wa mtoni.

Wanawake wakasimama.

Kisha wakainama wote kwa pamoja, wakaanza kuokota.

Aliwaruka. Nje, kwenye sitaha ya meli ya kijivu, Gergő alikuwa amechutama kumpa mgongo, mikono ikihangaika na kamba.

"Gergő, rudi huku. Tafadhali."

"Ngoja nimalize fundo."

"Fundo liache. Nipe mkono."

"Ngoja... limebaki kidogo."

Alijinyoosha juu ya maji, akamshika koti, akavuta kwa nguvu zake zote. Gergő akaja. Alikuja kirahisi mno, mwepesi kama nguo iliyoanuliwa. Ibolya akachomoa shoka la zimamoto ukutani, akaikata kamba. Meli ya kijivu ikarudi nyuma bila mlio wa injini, ukungu ukaifunika.

Ukumbini hapakuwa na mtu. Zulia lilikuwa limelowa, na nusu ya mbegu ilikuwa bado imetapakaa. Ibolya alimkumbatia mchumba wake, akalia kwa furaha bila aibu, akimshukuru mama yake moyoni. Nywele za Gergő zilinuka tope.

"Una baridi," alimwambia. "Njoo nikupe chai."

Gergő aliinamisha kichwa. Alikuwa anatazama sakafuni. Akajitoa taratibu mikononi mwake.

Akapiga magoti.

"Acha, mpenzi, nitafagia mimi."

"Ngoja," alinong'ona, akiokota punje, akitia kiganjani, akiokota nyingine. "Zimebaki chache."

Ibolya alisimama pale, machozi yamemkaukia. Akizimaliza, itakuwaje? Hilo mama hakulisema.

Nje, kwenye ukungu, honi ikalia. Chini chini. Karibu.

Akaenda jikoni, akarudi na mfuko wa pili, akaumwaga wote mbele ya magoti yake. Kisha akaketi sakafuni kumtazama akiokota.

Mfuko wa tatu haukuwapo.