Joto Lililohama

Dereva mmoja, ambaye barabara nzima ilimwita Baba Kasuku kwa sababu bintiye wa miaka sita alikuwa na mdomo usiojua kupumzika, alifika kileleni na lori lililofungwa tela la nondo, akaegesha, akaingia uvunguni kwa mazoea tu na kuweka kiganja kwenye giaboksi. Ilikuwa baridi. Si vuguvugu, ni baridi ya mtungi wa maji uliolala kivulini. Jua lilikuwa utosini, mlima ulikuwa umemlia saa nzima ya gia ndogo, na chuma kile kilitakiwa kumbabua ngozi. Akacheka, akajiambia kwamba oili mpya ni dawa.

Oili hiyo aliiweka mwenyewe juma lililopita, kwenye mlima huohuo, chini kidogo. Siku hiyo alivuta mzigo mzito kuliko kawaida. Gia zikaanza kuteleza, injini ikawa inalia na lori haliendi, kisha ikaja harufu ya kuungua na taa nyekundu kwenye dashibodi. Fundi wake, mzee mfupi aliyekuwa akifungua magiaboksi tangu Baba Kasuku ana meno ya utoto, alikuwa amemhubiria mara mia: ikipata moto, toka barabarani, weka frii, acha injini ingurume polepole mpaka mafuta yazunguke na kupoa, nawe ukae kivulini uvute subira. Oili ya moto haifunguliwi. Lakini Baba Kasuku alikuwa amemwahidi bintiye kufika kabla ya giza, na ahadi kwa Kasuku si jambo la mchezo, maana ikivunjwa mtaa mzima utajua. Hakusubiri hata dakika kumi. Alilala chini ya lori penye kona, kando ya rundo la mawe, akalegeza nati, na oili nyeusi inayochemka ikamwagika moja kwa moja ardhini, kwa kuwa beseni la kuikingia lilikuwa nyumbani limejaa nguo za kufua.

Ardhi ilipoipokea, kitu kililia. Ulikuwa mlio mwembamba, wa chini kwa chini, kama wa mtoto mchanga, kisha ukakatika. Baba Kasuku alisimamisha mkono. Akajiambia ni mwanambuzi huko bondeni, kwani mtu mwenye haraka hujipa jibu linalomfaa. Akakaza nati, akajaza oili mpya, akaondoka.

Tangu hapo giaboksi haikupata moto tena. Mzigo ukaongezwa, tela la pili likafungwa nyuma ya lile la kwanza, madereva wenzake wakamtania kwamba ameliloga lori, naye akavimba kichwa. Fundi peke yake hakucheka. Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakinusa, akampa naye anuse. Hakikunuka oili. Kilinuka maziwa ya mama, yale yaliyogandia kwenye nguo. Fundi alifuta mikono kwa muda mrefu, kisha akaenda mbele ya lori kugusa kipozea mafuta, nacho kilikuwa baridi.

"Chuma kinachovuta mzigo lazima kitoe joto," alisema kwa sauti ya chini. "Na joto halifi, linahama. Hili lako sijui linahamia wapi, na sipendi kutojua."

Nyumbani, Kasuku alikuwa ameshikwa na homa isiyoeleweka. Ilikuja mchana baba yake akiwa safarini, ikapanda mpaka mama yake akashindwa kumshika mkono, halafu ikashuka ghafla, mtoto akaomba maji. Hospitali walimpima damu, wakapima tena, wasione kitu. Muuguzi alibadilisha kipimajoto akidhani cha kwanza kimeharibika. Walipomuuliza anaumwa wapi, mtoto yule aliyekuwa na jibu kwa kila swali alisema neno moja tu: "Nimemwagiwa."

Mama yake akamwita mganga, mwanamke wa mtaa wa pili aliyesifika kwa kufukuza majini. Alikuja na chetezo chake mchana mmoja, akainama kumnusa mtoto utosini, kisha akakirudisha chetezo mkobani bila kukiwasha. Mtoto alikuwa ananuka oili iliyoungua. Mganga aliuliza baba wa nyumba anafanya kazi gani, na amemwaga nini, na wapi. Mama Kasuku hakujua.

"Hapa sina wa kufukuza," alisema mganga. "Huyu jini amekuja na haki yake. Mwenye haki hafukuzwi, huombwa radhi."

Hata kabla mganga hajavaa viatu, Mama Kasuku alikuwa ameshampigia mumewe simu. Yeye alikuwa katikati ya mlima, gia ya pili, matela mawili nyuma yake. Alipoulizwa amemwaga nini, mguu ulikanyaga breki wenyewe.

"Mama Kasuku," alinong'ona, "anaendeleaje sasa hivi?"

"Alikuwa anaungua. Sasa..." Mkewe alisogea kumgusa mtoto. "Sasa anapoa. Umefanya nini?"

Baba Kasuku alitaka kuwa na hakika, na kwa hilo hajajisamehe hadi leo. Aliachia breki akakanyaga mafuta, lori likasogea hatua kumi, ishirini, matela yakilalamika nyuma, giaboksi laini kama imetoka kiwandani jana, na ndani ya simu akasikia kwanza kitanda kikigonga ukuta, halafu mkewe akisema basi mwanangu, basi, halafu sauti ya bintiye ambayo haikuwa ya bintiye, ule mlio mwembamba wa chini kwa chini aliomsingizia mwanambuzi, ukipanda kadiri lori lilivyopanda, ukipanda mpaka simu yenyewe ikawa inakwaruza, na haukushuka mpaka alipokanyaga breki kwa miguu yote miwili.

Alizima injini. Kupanda hawezi, na kushuka na mzigo ule ni gia ndogo vilevile na joto lilelile. Aliweka mawe nyuma ya magurudumu, akateremka kwa miguu hadi penye ile kona, jua likimpiga, kivuli chake kimejificha chini ya nyayo. Magari yalipita na hakuna lililopunguza mwendo.

Doa la oili lilikuwa bado bichi. Juu ya rundo la mawe aliketi mwanamke aliyempa mgongo, akibembeleza kitu alichokifunika kwa nguo, na mawe yaliyomzunguka yalikuwa na vivuli ila yeye hakuwa na kivuli. Harufu ya maziwa ilimjia Baba Kasuku, na ndani yake harufu ya ngozi iliyoungua. Alitaka kukimbia kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Akapiga magoti.

"Nimekukosea, mama. Sikujua kama kuna mtu."

"Ulisikia." Sauti yake ilikuwa ya uchovu tu, ya mama yeyote ambaye hajalala siku nyingi. "Ulisimamisha mkono, nilikuona. Kisha ukakaza nati."

Baba Kasuku aliona haya, haya ya kweli, iliyouzidi hata woga wake.

"Niunguze mimi," alisema. "Binti yangu hakumwaga kitu."

"Na wangu alimwaga nini?"

Hapo mwanamume yule akaangua kilio. Mwanamke alimwacha alie mpaka achoke, kisha akasimama bila kugeuka.

"Tangu siku ile sijamtua," alisema. "Nikimlaza, anaungua upya. Mikono yangu imechoka. Mbebe wewe, nami nitamwachilia wako."

"Mpaka lini?"

"Mpaka apone."

Baba Kasuku alinyoosha mikono akafumba macho. Kitu kikawekwa kifuani pake, chepesi kama kifaranga na cha moto kama bomba la moshi, na shati lake likaanza kusinyaa. Hakukitupa. Alikipepea, akakisemesha maneno yaleyale aliyokuwa akimsemesha Kasuku alipokuwa mchanga, na alipofumbua macho hapakuwa na mtu juu ya mawe. Simu ililia mfukoni. Mkewe alikuwa analia na kucheka kwa pamoja: mtoto ameamka, amepoa kabisa, anauliza maswali.

Lori lilipelekwa na dereva mwingine, na giaboksi ikapata moto kama giaboksi yoyote yenye heshima zake. Baba Kasuku alifika nyumbani jioni kwa miguu, mikono ameikunja kifuani, watu wakimpisha njiani. Mkewe aliona ngozi iliyobabuka, hakuona kingine. Kasuku alitoka mbio amenyoosha mikono, na baba yake akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta.

"Usinisogelee, mwanangu."

Mtoto akasimama. Aliitazama mikono ya baba yake, akajiinua kwa vidole vya miguu ili achungulie ndani ya kile ambacho mama yake aliona ni hewa tupu. Kisha akaongea polepole, asije akamwamsha mtu.

"Akipona huyu, baba, nami utanibeba?"

Baba Kasuku alimwambia atambeba. Kile kilichokuwa kifuani kikasikia, kikamkumbatia shingo kwa mikono miwili midogo, kikakaza.