Mteremko wa Maktaba

Nyumbani walimwita Injinia tangu hajaanza chuo. Meza ikiyumba, alikunja karatasi akaiweka chini ya mguu. Bomba likivuja, alilifunga kwa kipande cha mpira. Mama yake, fundi cherehani, alimsifu kwa kila mteja.

"Binti yangu ana mikono," alisema. "Ila mdomo wake unafanya kazi kuliko masikio."

Injinia alicheka. Alidhani ni utani.

Alikuwa mwaka wa pili katika chuo cha ufundi seremala. Siku moja mkufunzi aliwagawa wanafunzi katika vikundi vya watu wanne. Kikundi cha Injinia kilipewa kazi ya kujenga mteremko wa mbao mbele ya maktaba. Mkutubi, mwanamke wa makamo, alitumia kiti cha magurudumu, na mlango wa maktaba ulikuwa na ngazi tatu. Kila asubuhi walinzi wawili walimbeba kumwingiza. Kila jioni walimbeba kumtoa, kama gunia.

Injinia alishika uongozi bila kuulizwa. Alichora mchoro peke yake, kisha akagawa kazi. Kijana mwenye nguvu waliyemwita Misuli alipewa kukata mbao. Mwingine waliyemwita Mgeni hakupewa kitu, maana alizoea kufika kazi ikiwa imekwisha. Wa nne alikuwa msichana mpole. Huyo walimwita Kimya.

Kimya aliutazama mchoro kwa muda mrefu.

"Dada, naona mteremko huu ni mkali. Kiti kitapanda kweli?"

"Tuna wiki mbili tu, mdogo wangu. Wewe piga msasa."

Siku ya tatu Kimya alijaribu tena. "Labda tumuulize mwenyewe mkutubi."

"Mkutubi ni wa vitabu," Injinia akajibu. "Mbao atuachie sisi."

Misuli alicheka. Kimya akainama, akaendelea kupiga msasa.

Siku ya kukabidhi kazi, mteremko uling'aa. Darasa zima lilikuja kutazama. Mkutubi alifika, akaupima kwa macho, akasita kidogo.

"Ngoja nijaribu mwenyewe," alisema.

Alishika magurudumu akasukuma. Kiti kikapanda kidogo. Akasukuma tena, mishipa ya shingo ikamtoka. Magurudumu ya mbele yakainuka juu. Kisha kiti kikaja kinyumenyume, na mkutubi ndani yake.

Kimya alikuwa amesimama nyuma, mikono wazi. Alikidaka kiti kwa nyuma. Uzito ukamshinda, wote wawili wakaanguka chini. Mkutubi hakuumia. Kimya alichubuka kiwiko, damu ikatiririka hadi vidoleni.

Injinia alibaki pale pale aliposimama. Misuli ndiye aliyewainua.

"Nani alipima?" mkufunzi akauliza.

"Mimi," Injinia alisema kwa sauti ndogo.

"Kuna aliyejua kwamba ni mkali?"

Kimya alitazama kiwiko chake, akaanza kufuta damu.

Hapo Injinia alishtuka mara ya pili, tena zaidi. Mtu hasimami nyuma ya kiti mikono wazi bila sababu. Kimya alijua. Alijua tangu siku ya kwanza, na alisema. Aliyemzima ni yeye Injinia.

"Sifuri kwa wote wanne," mkufunzi akasema. "Mna wiki moja ya kurekebisha."

Mgeni alijikuna kichwa. "Yangu ni ya haki," alisema. "Hata msumari mmoja sikupiga."

Injinia alipofika nyumbani alikataa kula. Jirani yao, muuguzi wa chumba cha upasuaji, alikuwa amekuja kuchukua sare yake iliyoshonwa. Mama alimweleza yaliyotokea.

"Shangazi, nilikaribia kumuua yule mkutubi," Injinia alisema.

Muuguzi alivuta kiti akaketi. "Sikiliza, mwanangu. Kwetu, kabla daktari hajashika kisu, tunasimama. Kila mtu anataja jina lake na kazi yake. Tunahakiki mgonjwa ni nani na anapasuliwa wapi. Hata mwanafunzi wa juzi akiona kosa, anasema 'simameni', na daktari bingwa anasimama."

"Daktari hakasiriki?"

"Akasirike asikasirike, anasimama. Kiongozi si yule anayejua yote. Ni yule ambaye watu hawaogopi kumwambia."

"Akili ni nywele," mama akadakia. "Kila mtu ana zake."

Asubuhi Injinia alikwenda kwa mkutubi akamwomba radhi. Kisha akamfuata Kimya.

"Uliniambia mara mbili, mdogo wangu. Nisamehe."

"Nilikuwa nimeshaamua kuhama kikundi," Kimya alisema. "Nitabaki. Lakini leo nianze mimi kusema."

Wanne hao walikutana maktaba, na mkutubi akakaa nao. Kimya alianza kwa kumuuliza kiti chake kinahitaji mteremko wa namna gani.

"Mngeniuliza mapema, ningewaambia," alisema mkutubi. "Kila sentimita moja ya kupanda inataka sentimita kumi na mbili za urefu."

Kimya alipima ngazi. Zilikuwa sentimita arobaini na tano kwenda juu. Akapiga hesabu: mteremko ulihitaji sentimita mia tano na arobaini. Wao walikuwa wamejenga mia mbili. Injinia alifunika uso kwa mikono.

"Hapa mbele nafasi haitoshi," alisema Misuli. "Tuupitishe kando ya ukuta. Juu tuweke sehemu tambarare ya kugeuzia kiti."

Mgeni alisema mjomba wake ni fundi wa kuchomelea vyuma. Safari hii aliwahi kuliko wote, akaja na vyuma vya kushikilia pande zote mbili. Kila asubuhi walisimama kwanza. Kila mmoja alisema amefanya nini, na nini kinamtia wasiwasi. Injinia alisema wa mwisho. Mara mbili alimkatiza Kimya kwa mazoea, na mara zote mbili Kimya alimwambia, "Sijamaliza, dada." Injinia akamwacha amalize.

Wiki ilipokwisha, darasa lilirudi. Mkutubi alisukuma magurudumu polepole, akapumzika kidogo, akasukuma tena. Hakuna aliyemgusa. Alifika juu, akageuza kiti, akatoa ufunguo mkobani. Kwa miaka sita mlango ule ulifunguliwa na walinzi kabla ya kumbeba.

Aliufungua mwenyewe, akawageukia.

"Karibuni ndani," alisema. "Leo nimetangulia mimi."