Elfu Sabini Kila Ijumaa

"Unamtafuta nani, dada?"

Mama Pacha aliitazama tena namba ya mlango. Alikuwa amegonga mlango wa chumba namba nne, chumba alichokiacha miezi minane iliyopita mumewe akiwa ndani yake, na sasa mlango umefunguliwa na mwanamke mwenye povu la sabuni mpaka kwenye viwiko.

"Namtafuta mwenye chumba."

"Mwenye chumba ni mimi."

Nyuma ya bega la yule mwanamke kilionekana kitanda. Sita kwa sita, upande wa kichwani kimevishwa kitambaa cha kijani chenye vifungo. Mumewe alikitengeneza kwa mikono yake wiki mbili kabla ya ndoa yao. Juu yake alilala mtoto mchanga, ngumi mbili zimekunjwa kidevuni.

Mama Pacha aliegemea mwimo wa mlango. Alikuwa amepanda basi la alfajiri kutoka kwao, saa tano barabarani na tumbo tupu, bila kumwambia mumewe. Akatoa simu, akapiga akiwa pale pale mlangoni.

Iliita mara tatu.

"Haloo, mama watoto." Sauti ilikuwa nzito, ya mtu aliyechoka. "Mbona mchana leo? Watoto wazima?"

"Wazima. Uko wapi?"

"Nipo chumbani. Nimejilaza kidogo, leo hakuna kazi ya maana."

"Chumbani kwetu?"

"Kwingine wapi tena?"

"Umelala kitandani?"

"Ndiyo, kitandani. Una nini leo, Mama Pacha?"

Akamtazama yule mwanamke, akakitazama kitanda, akamtazama mtoto.

"Basi inuka unifungulie. Nimesimama hapa mlangoni."

Kwa mbali ilisikika nyundo ikigonga msumari, mara moja, mara mbili, kisha nayo ikaacha.

"Mama Pacha, nisikilize..."

Akakata.

"Ingia ukae, dada," alisema yule mwanamke, akijifuta mikono kwenye gauni. "Usoni umebadilika kabisa."

"Huyo mtoto ni wa nani?"

"Wa mume wangu, dereva wa lori. Anarudi Jumanne. Ukitaka, msubiri umuulize." Akasogeza stuli. "Na kitanda nilikinunua kwa fundi aliyekuwa anakaa hapa. Siku tunahamia, yeye alikuwa anatoka na begi moja. Alisema mke wake yuko kwao, kitanda kikubwa hivi hakimfai mtu mmoja."

"Lini?"

"Huyu alikuwa bado tumboni. Miezi mitano sasa."

Miezi mitano. Na kila Jumapili walizungumza kwenye simu. Umepika nini? Maharage. Mashuka umefua? Nimefua. Kumbe alikuwa akifua mashuka ya kitanda alichokwisha kukiuza.

Simu ikatetemeka mkononi. *Usiondoke hapo. Nakuja nikueleze.*

Akaandika: *Usije. Niandikie unapolala. Na kama ni kwa mwanamke niandikie jina lake, nisimkosee heshima nikifika.*

Jibu lilichelewa.

*Karakana ya Mzee Sponji, nyuma ya kituo cha mafuta. Hakuna mwanamke.*

Mambo yao yalianza kuharibika kiwandani. Mumewe, ambaye kila mtu alimwita Fundi, alivisha makochi vitambaa kwa miaka tisa katika kiwanda cha samani, na kila tarehe thelathini mshahara uliingia. Mama Pacha, ambaye alishona sare za shule nyumbani, aliugawa kwenye bahasha: ya kodi, ya shule, ya chakula, ya maji na umeme. Haukuwa mkubwa lakini ulikuwa na tarehe. Kisha oda zikapungua. Mafundi wakaambiwa wakae nyumbani, wataitwa kazi ikipatikana. Wiki moja aliitwa siku nne, wiki mbili zilizofuata hakuitwa kabisa. Mafuta ya kupikia yakaanza kununuliwa ya siku ile ile, sabuni ikakatwa vipande, na wao wawili, waliokuwa hawajawahi kugombana mbele ya watoto, wakagombana kwa sababu ya taa iliyoachwa ikiwaka.

Mama Pacha ndiye aliyetoa wazo. Yeye na pacha wao wa miaka saba waende kwa mama yake, kule hakuna kodi. Fundi abaki mjini karibu na kazi. Ni ya muda tu, walisema.

Mwezi wa kwanza Fundi alituma elfu thelathini, halafu tisini, halafu wiki mbili kimya, halafu ishirini. Siku pacha waliporudishwa nyumbani kwa kukosa michango ya shule, Mama Pacha alimpigia.

"Mimi naweza kubana hata kwa kidogo, lakini niwe nakijua. Leo tisini, kesho hamna. Nitapangaje maisha ya watoto juu ya kitu kama hicho? Kama huwezi kutuma kitu kinachoeleweka, usinipigie."

Kuanzia wiki ile, kila Ijumaa saa kumi jioni, ziliingia elfu sabini. Hazikupungua wala kuchelewa hata mara moja. Mama Pacha alifurahi mwezi mmoja. Kisha akaanza kuona kwamba pesa zimekuja na maneno yameondoka. Fundi alikuwa na haraka kila akipigiwa. Akiulizwa atakuja lini kuwaona watoto, alisema wiki ijayo.

"Mume wa kutumiwa kwenye simu si mume, huo ni mshahara," mama yake alimwambia Alhamisi, siku mbili kabla ya safari, wakichambua mboga. "Mwanamume akizoea kukaa peke yake hakai peke yake. Nenda kaangalie, mwanangu, au uache kumsubiri."

Ndiyo maana alikuwa pale mjini, Jumamosi ile.

Mzee Sponji alimpokea mlangoni, mzee mpana mwenye vipande vya sponji kwenye ndevu.

"Bila shaka wewe ndiye Mama Pacha. Pita, mama. Angalia misumari chini."

"Mume wangu anakaa hapa?"

"Analala hapa. Kukaa ni neno kubwa." Mzee alikohoa. "Mteja akichelewa kuchukua kochi, yeye anashukuru. Wiki iliyopita alilalia la ngozi, la mwanasheria. Wiki hii tuna viti vya mgahawa tu, kwa hiyo yuko chini."

Fundi alisimama nyuma ya meza ya kukatia vitambaa, nyundo bado mkononi. Mzee Sponji aliwatazama wote wawili.

"Naenda kununua gundi," alisema, akaliruka kopo la gundi lililojaa, akatoka.

Njia nzima kwenye basi Mama Pacha alikuwa amejiandalia maneno. Yalikuwa maneno ya kumwambia mwanamume aliyenenepa kwa mwanamke mwingine. Huyu aliyesimama mbele yake, shingo inacheza ndani ya kola, hakuna hata neno moja lililomfaa.

"Umekonda."

"Kidogo."

"Jumapili nilikuuliza, ukaniambia umenenepa."

"Ulikuwa na wasiwasi."

"Ulifanya hivi kwa sababu gani, Baba Pacha?"

Akaiweka nyundo chini.

"Ulisema nitume kitu kinachoeleweka. Kiwandani sijaitwa mwezi wa sita huu. Hapa kwa Mzee nalipwa kwa kochi. Wiki nyingine makochi matatu, wiki nyingine hata stuli hakuna. Ikifika Ijumaa sabini hazijatimia, naangalia kitu gani kinaweza kuondoka. Kwanza redio. Halafu kitanda. Halafu nikaona chumba chenyewe nakilipia kwa ajili ya usingizi tu, na usingizi hata hapa unakuja."

"Na chakula?"

"Nakula."

"Baba Pacha."

"Mara moja. Mchana, hapo kibandani."

Alidhani mkewe atalia. Hakulia. Alikaa kwenye kiti cha mgahawa ambacho hakijavishwa kitambaa, akaongea polepole kama mtu anayehesabu mishono.

"Unajua nimefanya nini na sabini zako? Nimewahamishia watoto shule ya kulipia. Nimeingia kikundi cha akina mama cha kuweka akiba, kila wiki natoa elfu kumi mbele za watu, najua mume wangu ana uhakika. Nimepanga mwaka mzima juu ya uongo wako. Ungeanguka hapa siku moja kwa njaa, nani angenipigia? Mzee Sponji?"

"Nilitaka mtulie."

"Nani alitulia? Nimelala miezi hii yote nikijua una mwanamke. Nilishampa mpaka sura. Mrefu, maji ya kunde, ana duka."

Fundi akainua macho.

"Duka la nini?"

"Vipodozi."

Midomo ya Fundi ilicheza, akajizuia. Mama Pacha akaona, naye akataka kucheka, na hapo ndipo machozi yalipomtoka. Fundi alipomsogelea, alimzuia kwa mkono.

"Bado. Nina hasira na wewe."

"Na mimi ninayo," Fundi alisema. "Sikutaka kusema, lakini ninayo. Siku ile uliponiambia nisipige. Tangu pale nikawa naona hunisubiri mimi, unasubiri ile meseji. Unaandika 'zimeingia, asante', basi, ndiyo ndoa yetu ya wiki nzima. Nilifika mahali naiogopa Ijumaa kama mgonjwa anavyoogopa sindano."

Mama Pacha aliokota msumari sakafuni, akauweka mezani. Nje gari lilikuwa likijazwa upepo.

"Nilikosea kusema vile."

"Ulikuwa umechoka."

"Nilikuwa nimechoka, na nilikosea. Yote mawili."

Safari hii Fundi alipokaa karibu naye, hakumzuia. Wakakaa bega kwa bega.

"Sasa niambie kweli," mkewe alisema baadaye. "Usinipambie. Wiki mbovu kabisa hapa unapata ngapi?"

"Ishirini na tano. Ukiacha wiki mbili ambazo sikupata kitu."

"Basi tutaishi kwa wiki mbovu. Tutapanga kila kitu kwa ishirini na tano. Zikija tisini, zilizobaki zinakaa zinasubiri ile wiki ya sifuri. Sitaki tena mtu auze kitanda ili kunifurahisha."

"Kwa ishirini na tano watu wanne hawaishi mjini."

"Foronya za makochi Mzee anashonesha wapi?"

"Kuna fundi wa sokoni. Anamchelewesha kila mara."

"Mwambie cherehani inakuja."

"Mama Pacha, sina hata chumba."

"Nimeona. Nimetoka kuongea na mwenye nacho."

Akatoa simu, akampigia mama yake.

"Mama, nimemkuta."

"Na mwanamke je?"

"Hakuna mwanamke. Kuna makochi."

"Makochi?"

"Nitakueleza. Kesho nakuja kuchukua cherehani. Naomba watoto wabaki kwako mpaka tupate chumba."

"Kwa hiyo hana chumba."

"Hana."

"Mwanangu, unamfuata mtu asiye na pa kulala?"

"Tuligawana nyumba ili tupunguze gharama, mama. Tukaipunguza na ndoa. Sikai tena mbali naye."

Mama alivuta pumzi. "Nilikwambia uache kumsubiri."

"Ulianza kwa kuniambia nije niangalie. Nimeangalia."

Sauti ya mama ikashuka.

"Mwambie namsalimu. Na ale."

Chumba walikipata baada ya siku tisa, nyuma ya duka la rangi, kimoja, pazia katikati. Kodi ya miezi miwili ililipwa kwa pesa ambazo Mama Pacha alizitoa kwenye kikundi. Alisimama mbele ya wenzake akasema hawezi kuendelea, wakamkata faini, akarudi na uso umemshuka. Pacha waliletwa mjini, wakarudi shule ya serikali, na mmoja wao alinuna kwa wiki mbili kwa sababu ya rafiki aliyemwacha kule. Mzee Sponji alilipa foronya kwa kuchelewa na kwa mizaha mingi. Wiki zingine ziliingia tisini, na kila zilipoingia Mama Pacha alishikwa na hamu ya kununua nyama, akajizuia, mara nyingine akashindwa kujizuia. Waligombana. Lakini waligombana juu ya kitu ambacho wote wawili walikijua.

Alhamisi moja Fundi alirudi jua bado liko juu. Pacha walikuwa wakiandika kazi za shule kwenye ncha ya meza ambayo mama yao alikatia vitambaa. Alisimama mlangoni, akavua viatu, akachukua muda kuvipanga.

"Leo sijapata kitu," alisema. "Mteja ameahirisha. Na kiwandani wanasema labda mwezi ujao."

Mama Pacha alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa.

"Mchana umekula?"

"Hapana."

"Basi nawa mikono. Chakula kipo."

Akanawa, akakaa katikati ya wanawe, akala. Sahani ilipokwisha aliitazama kidogo, kisha akamsogezea mkewe.

"Niongezee," alisema.

Akamwongezea.