Ufagio Kutoka Japani

Kila asubuhi, Rawia na mama yake ndio waliokuwa wa kwanza kufika shuleni pale Damanhur. Mama alinyunyizia ua maji ili vumbi litulie, kisha akaenda kupiga deki vyoo. Wanafunzi walimwita Dada, si kwa udugu, bali kama wanavyoitwa wafagiaji wa kike wa shule za Misri. Jina lake, Nagia, hawakulijua.

Mwaka huo ukaja utaratibu mpya kutoka Japani: wanafunzi wafagie madarasa wenyewe, wajifunze kuheshimu kazi.

"Rawia, hebu tuonyeshe! Si ndiyo kazi ya ukoo wenu?" Haitham, mwanafunzi mwenzake, alimchokoza. Darasa zima likaangua kicheko. Rawia aliuchukua ufagio, akafagia.

Wiki ya pili mkuu wa shule, Ustadhi Shauki, alimwita mama yake Rawia. "Dada, watoto wanafagia sasa. Huhitajiki tena."

Kesho yake Rawia aliutupa ufagio miguuni pa mkuu. "Sifagii! Kila nikifagia, ninamfagia mama yangu!"

"Mtovu wa adabu we! Nenda nyumbani siku tatu!"

Lakini utaratibu ule haukutaja vyoo, na hakuna aliyevigusa. Mifereji iliziba, nzi wakajaa. Watoto kumi na mmoja wakaanza kuhara. Haitham alilazwa hospitali. Aliporudi, mashavu yalikuwa yamembonyea na suruali inamvuka. Hakumchokoza mtu.

Ndipo Mwalimu Inshira, aliyewahi kupelekwa Japani kusomea mambo hayo, aliposimama mstarini mbele ya wote.

"Shule niliyoiona kule ina mfanyakazi wa usafi," alisema. "Watoto humsaidia, na humwamkia kwa jina lake. Sisi tumebeba ufagio, heshima tukaiacha uwanja wa ndege! Wanangu, jambo jema la wenzetu lichukueni pamoja na sababu yake, kisha mlikate kwa kipimo chenu kama nguo. La sivyo litawabana mpaka liwaumize."

Mkuu aliinamisha kichwa. Jumatatu Nagia akarudi kazini, na wanafunzi wakapangiwa zamu za kumsaidia, vyooni pia.

"Haya, Rawia," mkuu alisema. "Bado hujaniomba radhi kwa kunitupia ufagio."

Rawia alimtazama mama yake, aliyekonda kwa majuma yale ya kukaa bure.

"Kufagia nitafagia, Ustadhi," alijibu. "Radhi siombi."