Joto la Chupa Namba Tisa

Kila Jumamosi, baada ya kunywa uji wa mahindi, Nomalizo na rafiki yake Ayakha waliteremka ufukweni Gqeberha, mji wa pwani wa Afrika Kusini. Ayakha alichota matope kwenye chupa. Nomalizo alipima joto la maji na kuliandika daftarini. Matope hayo walimpelekea Daktari Mabandla, mama aliyekuwa akitafuta dawa ya virusi katika bakteria wa baharini.

Mwezi ule chupa namba tisa ilileta furaha. Majimaji yaliyochujwa kutoka matope yake yalizuia virusi visiue seli kwenye kisahani. Daktari akawaotesha bakteria wa chupa hiyo kwa joto lililoandikwa daftarini, nyuzi ishirini. Walizaana vizuri, lakini kila majimaji yao yalipojaribiwa, virusi viliua seli na kuacha matundu matupu. Mara ya tatu, Daktari alivua glavu.

"Ijumaa nitawatupa bakteria hawa," alisema. "Kabati la kuoteshea limejaa, na bakteria wengine wanasubiri."

Njiani kurudi nyumbani Nomalizo alikuwa akipiga mawe mateke.

"Mbona umenuna kama uliyemeza limau?" Ayakha aliuliza.

"Ile ishirini sikuipima. Niliinakili ya wiki iliyotangulia."

"Heee! Mimi nagaagaa matopeni kama nguruwe, wewe unanakili?"

"Usimwambie, tafadhali. Atanipokonya daftari."

"Simwambii. Utamwambia mwenyewe."

Siku tatu Nomalizo alikula bila hamu. Alhamisi baada ya masomo alikwenda maabara peke yake, akasimama mlangoni mpaka Daktari alipoinua kichwa.

"Mama, joto la chupa namba tisa ni la uongo. Sikupima."

Daktari aliweka kalamu chini. "Kwa nini?"

"Maji yalikuwa baridi mno. Yaliniuma miguu, nikashindwa kuingia."

"Baridi? Mwezi wa Januari?" Daktari alifungua daftari, akatazama tarehe. "Upepo ulikuwa ukitoka wapi?"

"Mashariki, Mama. Siku ya tatu mfululizo."

Daktari alifunga daftari; sasa alielewa. Upepo wa mashariki ukivuma hivyo, maji ya kilindini hupanda juu, na bahari hupoa ghafla. Alivihamisha visahani vya bakteria kwenye kabati la baridi, akalitega nyuzi kumi na mbili.

Bakteria walikua polepole mno. Baada ya wiki mbili majimaji yao yalijaribiwa tena. Nomalizo alikagua kisahani kwa darubini, akakirudia mara mbili. Hakukuwa na tundu hata moja.

"Kumbe hutengeneza kizuia virusi kwenye baridi tu. Dawa bado iko mbali," Daktari alisema, "lakini sasa tuna pa kuanzia." Akamkabidhi daftari na kipimajoto. "Ungeacha mstari mtupu, ningekuuliza siku ileile. Uliandika ishirini, nikaiamini, na nusura nimwage tulichokuwa tunakitafuta. Usichokipima, mwanangu, usikiandike."

Jumamosi iliyofuata upepo wa mashariki ulivuma tena. Nomalizo alivua viatu, akaingia majini mpaka magotini.

"Kumi na tatu!" alipiga kelele, meno yakigongana.

"Hakika?" Ayakha aliuliza, akicheka.

"Njoo upime mwenyewe!"