Magongo ya Adventina

Adventina alikutwa amekufa saa moja asubuhi, mtaa wa Pasiansi, kwenye njia ya mawe inayopanda kutoka nyumbani kwake hadi barabarani. Alilala kifudifudi, kichwa kimepasuka, viganja na magoti vimechubuka. Magongo yake mawili hayakuonekana. Na jamani, mtu ambaye miguu yake imekufa ganzi miaka na miaka hafiki pale kwa kuruka.

Inspekta Dorcas Shimba alichuchumaa akaitazama njia. Vumbi lilikuwa limeburuzwa nyuma ya maiti, kipande kirefu, kuanzia kwenye jiwe moja bapa. Mama wa watu alikuwa ametambaa mpaka mkono ukateleza. Tena alikuwa akitambaa kuelekea barabarani, si nyumbani.

"Alikuwa anawahi kikao," alisema Selina, jirani yake, huku akilia. "Leo saa nane mchana, kamati ya madiwani; kwa magongo yale ilibidi atoke alfajiri. Tumepigania sana, afande. Wenye VVU ambao ugonjwa umewaachia ulemavu waingizwe kwenye ruzuku kama walemavu wengine. Kila tukienda tunajibiwa, mnakunywa dawa, mko fiti. Leo walitaka mwenye ulemavu huo asimame aseme. Asiposimama mtu, hoja inatupwa."

"Na wewe?"

"Mimi naishi na VVU, lakini mwili wangu mzima. Waliolemaa wanaogopa kuonekana. Alibaki yeye tu."

Kwenye majani, pembeni kidogo ya njia, Dorcas aliokota chupa ya plastiki ya dawa za VVU. Karatasi ya jina ilikuwa imebanduliwa. Vidonge vilikuwemo, lakini alipoitikisa haikulia. Akaifungua. Ilikuwa imeshindiliwa pamba, si ile nyeupe ya dukani, bali pamba chafuchafu yenye vipande vya mbegu.

"Ya marehemu hii?"

"Wee! Ya Adventina inalia mpaka barabarani," alisema Selina. "Alikuwa anaitikisa kama manyanga ndipo mkutano wetu unaanza. Anasema, mwenye aibu azibe masikio. Iko dirishani kwake, nimeiona sasa hivi."

Kweli, ilikuwa dirishani.

Majirani wote walimnyooshea kidole Chenge, mwenye nyumba. Alikuja mwenyewe, amenuna.

"Ndiyo, nilimwambia ahame," alisema. "Nyumba yangu imegeuka kijiwe cha wagonjwa, wapangaji wananikimbia. Lakini kumuua? Tangu alfajiri nilikuwa mwaloni, kule ziwani, napakia dagaa. Waulize wapakiaji."

Wapakiaji walipopigiwa simu walisema ni kweli. Dorcas alimtazama Chenge kwa kinyaa. Roho mbaya haina kifungu cha sheria, bahati yake.

"Kamuulize mdogo wake," Chenge aliongeza. "Bagenda, fundi magodoro wa Mkuyuni. Jana jioni walizozana hapa mpaka watu wakatoka nje."

Kibanda cha Bagenda kilijaa viroba vya pamba. Mwenyewe, mwenye mvi na macho mekundu kwa kulia, alikuwa akishona godoro. Mkewe Prudencia alikuwa pembeni, anamtungia uzi kwenye sindano.

"Shikamoo mama," Bagenda alisema Dorcas alipoingia.

Prudencia aliona haya. "Baba, ni binti huyu, afande. Tusamehe, macho yanamsumbua. Tumeambiwa habari za wifi asubuhi hii, na yeye kang'ang'ania kushona. Nimemwambia tuondoke, hataki."

Dorcas alimwomba Prudencia awapishe kidogo. Alipotoka, akauliza, "Alfajiri ulikuwa wapi, mzee?"

"Nyumbani, nimelala."

"Kuna kitu kimekupotea?"

Mkono wa Bagenda ulikwenda mfukoni wenyewe. Dorcas akamwekea chupa kiganjani.

"Mwenye macho angeiona na kuiokota," alisema. "Na pamba iliyomo ni hii uliyoikalia. Sasa hilo godoro unalong'ang'ania siku ya msiba, lifumue."

Bagenda hakubisha. Alifumua kwa kupapasa, polepole, mpaka magongo mawili yakatokeza katikati ya pamba.

"Kwa nini hukuyatupa ziwani?"

"Nilitaka kumrudishia jioni." Hapo mzee aliangua kilio. "Alisema ataeleza kwamba hata mdogo wake anapofuka kwa ugonjwa huo huo. Ana mdogo gani mwingine? Prudencia hajui, mama. Angeniacha. Alfajiri nilikwenda kumbembeleza, nikamkuta njiani anapumzika kwenye jiwe. Akakataa. Nikayachukua magongo nikaondoka. Nilidhani wapita njia watamrudisha nyumbani. Sikujua atatambaa."

"Ulikua naye nyumba moja, Bagenda. Ulijua." Dorcas aliyaokota magongo. Katika kazi yake alishazoea wauaji, lakini huyu alimtia uchungu.

Mzee alijifuta uso. "Saa nane haijafika. Nipitishe kwenye kikao kwanza, tafadhali."

Mbele ya madiwani, magongo yakiwa mezani, Bagenda alitoa pamba yote kwenye chupa, akaitikisa. Ukumbi mzima ulisikia.

"Naitwa Bagenda. Dawa hizi zimeniweka hai, lakini macho yalikuwa yameshaharibika kabla sijazianza. Sindano natungiwa uzi, na siku mke wangu akiumwa hatuli. Dada yangu angeyasema haya vizuri kuliko mimi. Mimi ndiye niliyemzuia asifike."

Mwenyekiti alimuuliza maswali mengi. Mwishowe kamati ikaipokea hoja, iende baraza zima. Selina alilia kwa sauti, na hakuna aliyemnyamazisha.

Nje, Dorcas alimfunga pingu. Prudencia, aliyewafuata na kusikia yote akiwa mlangoni, alisogea karibu.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Chupa yako ilikuwa inalia mfukoni zamani, kabla hujaanza kuweka pamba. Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe. Ningekuacha niende wapi, Bagenda?"

Bagenda aliinua mikono yenye pingu kumtafuta, akapapasa hewa. Prudencia aliishika, akamwongoza mpaka kwenye kipandio cha gari la polisi.