Mbuzi wa Pili

Lori la Mahagi likiingia Bunia, usitafute mtu mwenye adabu. Kila mmoja anavuta gunia lake, anayeshuka anakanyagana na anayepanda, kuku wanapiga kelele, na msaidizi wa dereva anatupa mizigo chini kama aliyegombana nayo. Katika vurugu hiyo, Jumamosi moja ya mwaka wa themanini na nne, Emerance alishika gunia upande huu, na kijana mmoja akalishika upande ule.

"Acha, hii ni yangu," akasema Emerance.

"Pole mama, ni yangu. Niko naingojea tangu juzi."

"Mama yako njo aliituma?"

"Hapana, ni mutu moja wa Arua."

"Basi achilia. Hii mama yangu njo aliituma."

Kijana akamtazama, na kusema kweli palikuwa na cha kutazama. Emerance alikuwa na miaka ishirini na minne, fundi wa kushona katika soko la Nyakasanza, naye alijua kwamba mteja humtazama fundi kabla ya kutazama kazi yake. Kikwembe chake, kitenge kipya, kilikuwa cha maua ya njano, blauzi imemkaa sawasawa kiunoni, mikono ya blauzi imevimba mabegani kama mitindo ya Kinshasa. Kijana mwenyewe alivaa abakosti ya kijivu, ile suti isiyo na tai, iliyonyooka kwa pasi, na chini, ajabu, viatu vya michezo.

"Chukua, mama," akasema. "Nisipigwe bure mbele ya watu." Akainama, akachukua gunia lingine lililofanana na lile, akaondoka akicheka.

Nyumbani Emerance alifungua gunia mbele ya mdogo wake Dominique, ambaye alikuwa akimlea hapo mjini ili asome. Badala ya samaki wa kukaushwa, akavuta wavu. Akavuta, akavuta, wavu hauishi.

"Mama amerukwa na akili? Anataka tukavue mutoni Shari?"

Dominique, ambaye humwita dada yake Yaya, akaurukia. "Yaya, hii si ya samaki! Hii ni ya voleyi!"

Kabla ya jua kuzama, kijana wa abakosti, aliyeelekezwa na watu wa sokoni, alibisha mlangoni, gunia la samaki begani, mbwa wawili nyuma yake. Jina lake Vital. Alikuwa mwalimu wa michezo katika koleji moja ya sekondari pale juu mjini, na Mkoa ulikuwa umempa kazi ya kuchagua vijana wa shule za Ituri watakaokwenda kucheza mpira wa wavu Kisangani.

"Samaki yenu imenichafulia jina," akasema. "Tangu sokoni watu wananiita muzee wa samaki."

"Na wavu yako imeninyima chakula. Njo nani amekosa kuliko mwenzake?"

Wakati huo Dominique akatoka ndani, akiinama ili kichwa kisigonge mlango. Vital akampima kwa macho toka miguu hadi kichwa.

"Na huyu?"

"Mudogo wangu. Anasoma ya tano ya sekondari."

"Anacheza?"

"Anakula," akajibu Emerance, na wote watatu wakacheka.

Kiangazi kile chote, jezi za timu ya Vital zilikuwa na ugonjwa. Leo kola inabana, kesho mkono umefumuka, na kila mara ni lazima mwalimu mwenyewe azilete sokoni na kukaa kwenye kibao karibu na cherehani ya Emerance.

"Namba sita imepinda," anasema Vital.

"Namba iko sawa. Weye njo umepinda."

"Basi ninyooshe, sheri," anasema, kwa Kifaransa cha wapenzi.

"Pasi ya makaa iko pale. Lala chini."

Majirani wa sokoni walikuwa wakiacha kuuza ili wasikilize. Na Jumapili, baada ya misa, wawili hao walitembea taratibu kwenye barabara kubwa, Emerance na kikwembe kipya, Vital na vile viatu vyake, wakinunua karanga na kupigizana kelele juu ya nani aliyekula nyingi. Emerance alimpenda. Hakutafuta jina lingine la kuficha jambo hilo. Alipokuwa peke yake alilisema kwa sauti, mashine ikizunguka.

Dominique naye alikuwa uwanjani kila jioni. Siku ya kuchagua ilipofika, vijana walitoka Aru, Djugu, Mambasa na Mahagi, wengine wamelala ndani ya malori, na mjumbe wa Mkoa akaja kutoka Kisangani na filimbi shingoni. Vital alimkalisha Dominique nje kwa seti nzima.

"Yule mutu wako anatuchukia?" akauliza Hélène, mwuza vikwembe, rafiki wa Emerance.

"Anaogopa watu waseme anabeba shemeji," akasema Emerance, lakini kucha zake alikuwa amezila zote.

Kisha mtoto akaingizwa. Alipanda juu ya wavu, akakaa huko muda mrefu kuliko unavyodhani mtu anaweza kukaa hewani, akaupiga mpira chini ya miguu ya vijana wa Aru. Uwanja ukalipuka. Akarudia, akarudia tena, mpaka mjumbe akasahau kupuliza filimbi. Majina yalipoitwa, la Dominique lilikuwa la kwanza. Emerance alilia mbele ya watu, bila aibu.

Jioni ile Vital alikaa kwenye kibao, safari hii bila jezi.

"Mutoto hatoki kwa nyumba ya baba yake bila baba kuombwa," akasema. "Naenda Mahagi na mujumbe. Na mujomba wangu anakuja."

"Mujomba wako anacheza voleyi?"

"Mujomba iko na neno yake."

Emerance aliinama juu ya kitambaa asionekane uso. Kwao, posa haiji na kijana peke yake. Inakuja na mjomba, na mbuzi mbele. Vital alikuwa amekwisha kununua mbuzi. Wiki ile yote fundi alikataa kazi za watu. Alijishonea yeye mwenyewe blauzi ya lasi nyeupe, na kila mshono aliurudia mara mbili.

Hélène ndiye aliyetangulia kurudi kutoka Mahagi, alikokwenda kununua mali. Alikuja mpaka kwenye mashine, akakaa bila kusalimia.

"Walifika," akasema. "Mbuzi ilichinjwa, watu wakakula. Waliomba Dominique, baba yako akakubali."

"Na kisha?"

"Kisha wakaenda."

"Na mujomba?"

"Mujomba alikula nyama, mama. Siye wanawake tulikuwa jikoni, sikusikia kitu ingine. Mama yako mwenyewe alikuwa ananiangalia tu."

Vital alipofika sokoni siku iliyofuata, vumbi la njia lilikuwa bado kwenye nyusi zake. Hakutania. Emerance akamuuliza moja kwa moja:

"Ulisema nini kwa baba?"

"Tulisema mambo ya Dominique. Muzee ameitika."

"Na ingine?"

Vital akapangusa vumbi usoni. "Ngoja kidogo, sheri. Mpaka tutoke Kisangani."

"Nauliza ulisema nini ingine."

"Hakuna ingine... kwa sasa."

Basi, ilitosha. Emerance aliona kila kitu, au alidhani ameona: kibao, jezi zisizo na ugonjwa, karanga za Jumapili, yote yalikuwa njia ya kumfikia mtoto mrefu anayepiga mpira. Alisahau kabisa kwamba Vital alimchekea pale kwenye lori kabla ya kujua kama ana ndugu. Mtu akishaumia moyo, kumbukumbu inamsaidia kuumia zaidi.

"Ungelisema tu," akamwambia. "Ungelisema, 'Emerance, nipe mudogo wako.' Ningekupa bure. Haukuhitaji kunibeba na miye."

"Emerance, sivyo unavyo..."

"Toka kwa kibao yangu. Kuko wateja."

Hapakuwa na mteja hata mmoja. Vital alisimama, akazungusha kofia mikononi, akaondoka. Siku ya timu kupanda lori la Kisangani, Emerance alimkumbatia mdogo wake, akamfungia chapati, akampa maonyo yote aliyoyajua, na hakugeuza shingo upande wa mwalimu. Vital alimwita mara mbili. Lori likaenda.

Nyumba ikawa kubwa. Usiniambie kuhusu cherehani kumliwaza mtu. Mashine ilizunguka, na yeye alishona mkono wa kushoto mahali pa kulia. Blauzi ya lasi aliikunja akaiweka chini kabisa ya sanduku. Akitoka sokoni alipita uwanjani, akijidanganya kwamba njia hiyo ni fupi. Alikuwa na hasira, na ndani ya hasira alikuwa anamtamani yule mtu kila siku, na hilo ndilo lililomkasirisha zaidi.

Asubuhi moja Sista Véronique wa misioni alimtumia habari: Kisangani watazungumza kwenye fonii, na baba yake ameitwa kwenye fonii ya misioni ya Mahagi asikie pia. Simu ya posta ilikuwa imekufa siku nyingi. Watu wa Bunia walikuwa wakisemea habari zao kwenye hiyo fonii, redio ya mapadri, na kila mwenye redio kwenye mstari ule alisikia yote. Siri haikuwepo. Emerance alipofika misioni, nyuma yake kulikuwa na foleni ya watu waliongoja zamu yao.

"Ukisema, finya hapa," Sista akamwonyesha. "Ukimaliza, sema 'à toi', maana yake 'zamu yako', uachilie."

Sauti ya Dominique ikaja kwa mikwaruzo. "Yaya! Tulimaliza wa pili! Njo mimi walinitaja muchezaji wa kwanza wa Mkoa! Na shule moja kubwa ya huku wanataka nibaki, nisome na nicheze! À toi!"

Muzee Louis, baba yao, alipiga kelele kana kwamba Kisangani inasikia kwa nguvu za koo tu. "Baki, mwanangu! Lakini soma! Mupira haina diploma! À toi!"

Emerance akacheka huku machozi yakimtoka. Mtoto aliyemlea alikuwa anakwenda kweli. Kisha sauti nyingine ikaingia, taratibu.

"Emerance, uko hapo? Ni Vital. À toi."

Akafinya kifungo. "Niko. Hongera, mwalimu. Umepata ile uliyokuwa unatafuta kwetu. Sasa usipite tena kwa mashine yangu na majezi yenye haina shida. Nimemaliza."

Foleni nzima ikavuta pumzi. Redio ikakwaruza tu. Halafu Mahagi ikalipuka.

"Bunia! Musifunge! Emerance, ni baba yako! Nani alikuambia hivyo? Siku ile yule mujumbe wa Kisangani alisimama watu hawajanawa mikono bado, akaomba Dominique. Nikaitika, tukachinja. Kisha mujomba wa huyu kijana akainuka na neno ya pili. Nikamwambia, ikaa! Kwa nyumba yangu mbuzi moja inabeba neno moja, na hii imekwisha kubeba. Iko na neno ingine? Alete mbuzi ingine! Na nikamukataza kijana kukuambia hata kidogo, kwa sababu musichana hasikii neno kabla ya wazee. Ameshika vile nilisema. Njo unamutukana? À toi!"

Emerance akasogeza sikio karibu zaidi na redio. Nyuma yake mama mmoja akasema kwa sauti, "Ee Bwana."

"Na weye, Vital!" Muzee akarudi, hajamaliza. "Niko nangojea mpaka nimechoka! À toi, Kisangani!"

Kabla Kisangani haijajibu, sauti isiyojulikana ikapenya. "Hapa ni Aru. Huku kuko mbuzi muzuri. À toi." Watu wa foleni wakaangua kicheko, na Sista Véronique akajifunika uso kwa kitambaa chake.

"Muzee, nisamehe," Vital akasema. "Siye kwetu ni watu wa ng'ombe, tunakaa mara moja tunasema yote. Sikujua. Ningelirudi mbio na ya pili, lakini kamio ya timu, lori ya Kisangani, ilikuwa imekwisha kufika. Emerance, sikiliza. Dominique anabaki huku. Timu yangu haina yeye tena, na Mkoa wameshukuru, hawaniombi kitu. Kwenu sina kazi ingine. Niko natafuta weye, ni weye nilikuwa natafuta. Nikirudi, nitapita Mahagi kwanza, hata kama njia inanizungusha. À toi."

Sista akamsukuma kwa kiwiko. Emerance akajifuta uso kwa ncha ya kikwembe. Angetaka kwanza amtukane kidogo, apate nafuu, lakini hakukuwa na tusi lililokuja.

"Vital. Uliona naumia, ukanyamaza. À toi."

"Niliona. Nilikuwa nakufa, sheri. Lakini baba yako njo alinifunga mudomo. À toi."

Alifinya tena. Kisangani ikangoja, Mahagi ikangoja, na bila shaka Aru pia.

"Basi hiyo mbuzi ikuwe jike," akasema. "Baba anapenda ya kuzaa. À toi."

Foleni ikapiga vigelegele hata Sista akashindwa kuwanyamazisha. Mahagi ilisikika ikipiga makofi. Kisha, kwa mikwaruzo, sauti ya Vital, nusu kicheko nusu kilio:

"Jike, sheri wangu. Na yenye mimba. À toi."

Emerance akafinya tena, akalia tu kila mtu akimsikia, na Sista Véronique akamwachilia kifungo mwenyewe.